Jirani wa Mita Tisa

Usiku wa kwanza wa kazi niliblokiwa na watu kumi na mmoja kwenye Grindr, apu ya wanaume wanaotafuta wanaume. Idadi naikumbuka kwa sababu niliiandika kwenye daftari la ripoti, kwenye safu ya "waliofikiwa", kisha nikaifuta kwa aibu. Nilikuwa nimekaa kitandani chumbani kwangu Manyatta, Kisumu, simu ya ofisi mkononi, bando la mwezi mzima limejaa, na ujumbe mmoja mrefu niliopewa na msimamizi: habari, mimi ni mwelimishaji rika, je, unajua hali yako ya HIV, tuna kondomu na vilainishi bila malipo, karibu kituoni. Kazi yangu ilikuwa kunakili na kubandika, mtu baada ya mtu, kama anayegawa vikaratasi vya mkutano wa injili kwenye stendi ya basi. Wengi hawakujibu. Mmoja aliyekuwa umbali wa mita mia na themanini aliuliza, "Wewe ni karao?" yaani polisi. Kabla sijajibu akatoweka.

Kabla ya hapo tulikuwa tukienda kwa miguu. Jioni za Ijumaa tulizunguka baa mbili tatu za Kondele na begi la kondomu, tunakaa na vijana wetu, tunapima, tunajaza fomu. Shida ni kwamba kila mwezi fomu zilijaa majina yale yale. Wale wanaojiachia, wanaocheza mpaka asubuhi na kukuita dada mbele za watu, walikuwa wameshapimwa mara nyingi kuliko mimi. Mwalimu wa shule ya msingi hakuwa pale. Mwanakwaya hakuwa pale, wala yule mwenye mke na watoto watatu, wala turniboi wa lori lililotoka Busia likalala Kisumu usiku mmoja. Lakini ukifungua Grindr saa tano za usiku, wote unawaona, wamepangwa kwa vijisanduku, wa karibu juu, wa mbali chini, kila mmoja na mita zake. Apu hiyo imekuwepo tangu 2009. Sisi ndio tuliochelewa.

Picha ndizo zilinipa taabu ya kwanza. Nusu ya picha za Kisumu kwenye apu ni machweo ya Dunga. Nusu nyingine ni vifua visivyo na vichwa. Ukiweka uso wako, umejianika mbele ya mji mzima. Usipoweka, wewe ni mtego. Nikajiona mjanja nikaweka picha ya chupa ya vidonge vya PrEP, dawa ambayo asiye na HIV humeza ili asiambukizwe. Hilo lilikuwa kosa, na ilichukua wiki mbili mtu mmoja kunihurumia akanieleza. Chupa ya PrEP ni ile ile nyeupe ya vidonge thelathini, inafanana kama pacha na ya ARV, dawa za wenye HIV. Kila aliyepita pale aliona chupa na kufanya hesabu yake. "Omera," akaniandikia, "watu wanadhani unatangaza kwamba uko nayo."

Basi nikaondoa picha, nikaandika mistari miwili tu: "Mwanaume wa Kisumu, natumia PrEP. Sitafuti mtu hapa, lakini uliza unachotaka." Nikaacha kutuma ujumbe kwa mtu ambaye hajaniandikia. Ofisini hawakupenda, maana takwimu zilishuka. Ila maswali yakaanza kuja yenyewe, na hayakuwa maswali yaliyomo kwenye mwongozo wetu. Je, hizo dawa zinanenepesha? Nikinywa na bia? Mke wangu akiiona chupa nimwambie ni ya nini? Je, nikienda kuchukua wataandika mahali kwamba mimi ni shoga?

Swali lililonirudia zaidi kuliko yote ni la tohara. "Mimi nimetahiriwa, sina shida." Na anayekuambia hivyo hasemi kwa ujinga, anasema kwa sababu mji huu ulifundishwa hivyo. Sisi Wajaluo hatukuwa watu wa kutahiri, mababu zetu waling'oa meno sita ya chini wakatosheka. Kisha mwaka 2002 ukaanza utafiti hapa hapa Kisumu, vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, nusu wakatahiriwa mapema, nusu wakasubiri. Ulisimamishwa Desemba 2006 kabla ya muda kwa sababu jibu lilishaonekana: waliotahiriwa walipunguza hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2008 serikali ikaanza kutahiri wanaume bure kote Nyanza, na mabango yakatufuata mpaka vijijini. Hakuna bango lililosema kwamba tohara haimkingi mwanaume anayeingiliwa. Hilo nililiandika mimi, kwa kidole gumba, mara nyingi mno: ngozi waliyokukata iko mbele, hatari yako iko nyuma. Wengine walicheka. Mmoja alinyamaza siku tatu, kisha akauliza anaweza kupimwa wapi mahali ambapo hafahamiki.

Katika mwezi wa pili ndipo alipokuja wa mita tisa.

Ploti ninayokaa ina vyumba kumi, kuta zake hazifiki paani. Jirani akikohoa unamwambia pole bila kuinua sauti. Sasa fikiria umelala chali, simu inawaka, mtu asiye na picha ameandika "Niaje", na chini yake apu inasema: mita 9. Niliangalia ukuta. Upande wa kulia kulikuwa na mama na binti zake. Upande wa kushoto, chumba cha pili, kijana mmoja mpole wa makamo yangu ambaye tulikuwa tukisalimiana mferejini tukisubiri mitungi ijae. Yeye naye bila shaka aliziona mita zile zile. Nikajibu, "Poa." Akauliza PrEP inauzwa bei gani. Nikamwambia ni bure kwenye vituo vya serikali, Kenya ilianza kuisambaza 2017. Akasema sawa. Asubuhi mferejini akaniambia, "Habari ya kuamka, jirani," nami nikajibu nzuri, na tukaongea habari za maji yanayokatika.

Tuliendelea hivyo miezi minane. Sikumuuliza, naye hakuniuliza.

Niliyojifunza makubwa zaidi, hata hivyo, sikujifunza kwa hekima yangu. Kuna mtu alikuwa ameniandikia wiki tatu, mstaarabu, maswali mazuri kuhusu kipimo cha kujipimia. Akaniomba nimpelekee vipimo viwili nyumbani Nyalenda kwa sababu anaogopa kuonekana kituoni. Kanuni ya ofisi ilikuwa tukutane mahali pa wazi mchana. Nikaenda saa moja usiku, tena peke yangu, kwa sababu nilijiona nimemjua. Nilipoingia mlango ukafungwa kwa komeo na wawili wakatokea nyuma ya pazia.

Hawakunipiga sana. Walichukua simu zote mbili, wakafungua apu, mmoja akaanza kusoma ujumbe wa watu kwa sauti, akiigiza sauti za kike. Mwenye mwili mkubwa akaniuliza kama nazijua habari za miaka kumi na minne. Nilizijua. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoadhibu ngono ya wanaume kwa wanaume, kile ambacho Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 24, 2019. Sikuwa nimefanya lolote linalotajwa humo; nilikuwa nimebeba vipimo viwili kwenye bahasha ya kaki. Lakini hiyo si hoja ya kumpa mtu aliyekushika shati huku akitisha kuwaita majirani. Nikatoa namba ya siri, wakahamisha shilingi 8,400, zote zilizokuwemo. Vipimo walinirudishia. Mpaka leo sijui kwa nini.

Fedha ziliniuma, lakini kilichonikosesha usingizi ni yale mazungumzo. Usiku ule ule nilitumia simu ya mwenzangu nikabadilisha nywila, na kila niliyeweza kumfikia nilimweleza kilichotokea: simu iliyochukuliwa ina maneno yako, nisamehe, kuwa mwangalifu mtu akikuandikia kwa jina langu. Nilitarajia waniblok wote na kazi iwe imekwisha. Nikapata majibu kumi na saba ya namna moja. "Hata mimi walinifanyia." Mmoja alilipa kwa miezi sita, kila mwisho wa mwezi, kama kodi ya nyumba. Mwingine alihama mji.

Ndipo nilipofahamu kwa nini watu kumi na mmoja walinikimbia usiku wa kwanza. Mimi nilikuwa nawaletea kinga ya virusi, ilhali wao hofu yao ya kila siku ilikuwa binadamu. Virusi huja kimya. Hawa wanabisha mlango. Mtu anayewaza kama atatoka salama kwenye nyumba anayoiendea hana nafasi kichwani ya kuwaza kama ana kondomu mfukoni. Atamaliza haraka aondoke. Hili nililisikia kwa zaidi ya mmoja wao, karibu kwa maneno hayo hayo.

Kwa hiyo nikageuza mpangilio. Kabla ya habari yoyote ya dawa, nilianza na usalama. Ficha umbali wako kwenye mipangilio ya apu. Piga naye simu ya video kwanza, hata dakika moja, na akikataa mara tatu mwache. Kutaneni mchana mahali pa watu. Mwachie rafiki mmoja jina la mtaa unaokwenda. Beba nauli, pesa nyingine ziache. Na kama umenaswa, ujue kwamba anayekutishia ili umpe pesa ndiye anayetenda kosa la jinai, hata kama wewe huna hamu ya kwenda kulieleza polisi. Kuna mawakili wanaozishughulikia kesi hizi bila kukuuliza unalala na nani. Mtu akishaona umemsaidia hapo, swali la PrEP analileta mwenyewe, mara nyingi kabla siku haijaisha.

Wiki iliyofuata mita za jirani yangu zilipotea kwenye apu. Amezificha. Nilifurahi kama mwalimu aliyeona mtoto amesoma jina lake, ingawa ukweli ni kwamba hata ukizificha mita apu bado inakupanga karibu na walio karibu, na yeye alibaki kwenye kijisanduku cha kwanza baada ya changu.

Nieleze na Jumapili moja. Saa saba za usiku, yaani Jumamosi imekwisha tu, mtu aliandika: "Kondomu ilipasuka." Nikauliza lini. Ijumaa, kama saa tano usiku. Nikauliza mlitumia mafuta gani. Mafuta ya mgando ya kujipaka, yale ya mtoto. Nikajua, mafuta hayo huidhoofisha mpira wa kondomu ndani ya dakika chache, na ndiyo maana tunagawa vilainishi vya maji, kitu ambacho watu wengi hudhani ni anasa. Saa ishirini na sita zilikuwa zimepita. PEP, dawa za kuzuia HIV baada ya tukio kama hilo, inafaa ianzwe ndani ya saa 72, na kila saa unayochelewa inapunguza nguvu yake, kwa hiyo mimi nilikuwa nahesabu mpaka Jumatatu saa tano usiku huku nikimwambia asingoje hata asubuhi ya pili.

Alikuwa mwalimu, anatoka upande wa Ahero. Tukakutana saa tatu asubuhi nje ya kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Muuguzi alitusikiliza, akatuambia dawa zimo kabatini lakini ufunguo umeondoka na mhusika, turudi Jumatatu. Nikamwambia, "Sista, ni dawa ya saa." Akasema hata yeye anajua. Mwalimu alikuwa tayari kurudi nyumbani. Alikuwa na shati la kanisani na alikuwa akiangalia lango kila pikipiki ilipoingia. Nilimshika mkono, kitu ambacho sikupaswa kukifanya hadharani, tukapanda boda wote wawili mpaka hospitali kubwa zaidi. Huko daktari kijana alimuuliza ilikuwaje, naye akajibu, "Ni mke wangu, tunaishi mbali." Sikumsahihisha. Kidonge hakiulizi. Alipimwa, akakutwa hana, na saa tisa na dakika ishirini alasiri akameza cha kwanza kwa maji ya chupa yangu. Saa arobaini. Alimaliza siku zote 28, ingawa wiki ya kwanza alikuwa akiniandikia kila siku kwamba tumbo linamchafuka, na mara mbili alitaka kuacha. Baadaye alihamia PrEP. Hatujaonana tena, ila krismasi hunitumia salamu zisizo na jina.

Kuna mambo ambayo apu hurahisisha kwa namna ambayo baa haikuweza. Turniboi niliyemtaja aliniambia kumeza kidonge kila siku ni kazi ya bure kwake. Anakutana na mtu mara moja kwa mwezi, akijua siku mbili kabla kwamba lori litalala wapi. Huyo nilimwelekeza njia ya mbili, moja, moja, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiongeza kwenye mwongozo wake 2019 kwa wanaume: vidonge viwili kati ya saa mbili na ishirini na nne kabla ya tendo, kimoja saa ishirini na nne baada ya kumeza hivyo viwili, na kimoja tena siku inayofuata. Nikamtuma kwanza apimwe HIV, na homa ya ini aina ya B pia, kwa sababu mwenye virusi hivyo hafai kuanza na kuacha dawa hizi ovyo. Akanirudishia picha ya vidole vinne kwenye usukani. Alikuwa ameelewa. (Usukani si wake, dereva alikuwa amelala.)

Mambo mengine niliwakataza. Kwenye Grindr kuna mahali pa kujaza hali yako ya HIV na tarehe uliyopimwa mwisho, na apu inaweza kukukumbusha kupima tena. Wazo zuri. Lakini mwaka 2018 ilibainika kwamba kampuni hiyo ilikuwa ikiwapa kampuni nyingine mbili taarifa hizo za watumiaji, na ingawa ilisema imeacha, mimi niliwaambia watu wangu kumbusho waliweke kwenye kalenda ya simu. Halafu kuna walioniomba vipimo vya kujipimia ili wampime mwenzao mlangoni. Nilimwelewa kila aliyeomba, na kila mara nilieleza kwamba kipimo cha mate hakimuoni aliyeambukizwa wiki chache zilizopita, na huyo ndiye mwenye virusi vingi zaidi mwilini. Anayetumia ARV vizuri mpaka virusi vikafifia visionekane kwenye vipimo hakuambukizi. Yule wa mstari mmoja, ambaye kipimo kimesema hana ilhali aliambukizwa juzi, anakuambukiza. Wengi hili liliwashinda kulipokea. Linapindua kila walichofundishwa.

Jirani naye aliomba kipimo. Aliandika: "Weka nyuma ya tangi la maji." Niliufunga mfuko wake kwa gazeti, nikauweka usiku, nikaingia ndani na sikuchungulia. Nilimwandikia hatua zote: pitisha kijiti mara moja fizi za juu, mara moja za chini, kitie kwenye kichupa, subiri dakika ishirini, usisome baada ya arobaini. Mistari miwili si hukumu, ni safari ya kwenda kuthibitisha hospitalini. Siku nne alikaa kimya. Mferejini alikuwa akiniamkia kama kawaida, na mimi nikawa naangalia mikono yake kana kwamba jibu limeandikwa huko. Siku ya tano: "Mstari mmoja." Kisha: "Hiyo PrEP naanzaje?"

Alikuwa ameanza wiki sita hivi wakati Januari 2025 ilipofika. Tarehe 20 Donald Trump alisitisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90, na kabla ya mwezi kwisha kituo chetu kilikuwa na kufuli. Nilirudisha simu ya ofisi ndani ya bahasha. Baadaye ukatoka msamaha wa kuruhusu matibabu ya HIV yaendelee, lakini PrEP ya fedha hizo ikabakizwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Nilijiuliza ni mwanamume gani wa kijisanduku kile angeingia hapo. Nilipakua apu upya kwenye simu yangu mwenyewe, nikaandika mistari ile miwili, na usiku wa kwanza zikaja jumbe thelathini na kitu, nyingi za neno moja: "Upo?"

Nilijua hospitali mbili za umma ambazo bado zilikuwa na chupa na ambazo wauguzi wake hawakodoi macho. Niliwatuma huko mmoja mmoja, siku tofauti, wasije wakakutana kwenye benchi. Jirani nilimwambia aende Jumatano.

Jumatano hiyo usiku, saa tatu kamili, nilikuwa nakaanga omena. Juu ya ukuta usiofika paani nikasikia kitu kama kayamba: chakacha, chakacha, kisha kifuniko kikifunguliwa. Chupa mpya, vidonge thelathini. Upande wa pili binti za yule mama walikuwa wamenyamaza ghafla, kama wanaosikiliza. Nilizima jiko nikachukua simu.

"Tia pamba ndani ya chupa," nikaandika. "Inasikika."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mmoja wetu kukiri kwamba kuna ukuta. Jibu lilichukua dakika kumi.

"Sina pamba. Wewe unayo?"